Kopi 2,000 za Alice zilizokataliwa: uchambuzi wa kisa cha mwaka 1865

Tarehe 2 Agosti 1865 mwalimu mmoja wa hesabu pale chuo cha Christ Church, Oxford, aliandika kwenye dayari yake kwamba ameshaamua, kitabu chake kitachapwa upya chote na zile kopi 2,000 za kwanza ziuzwe kama karatasi chakavu. Kitabu chenyewe ni Alice's Adventures in Wonderland, na mwalimu ni Charles Dodgson, ambaye wasomaji wanamjua kwa jina la Lewis Carroll. Maneno ya kitabu hayakuwa na kosa la kumfanya mtu akitupe. Na aliyelalamika hakuwa mhariri wala pablisha, alikuwa mchoraji, John Tenniel, na lalamiko lake lilikuwa moja tu: picha zimechapwa vibaya.

Kisa hiki watu wengi wanakisimulia kama habari ya mtu mwenye kuchagua sana, kwamba ah, Carroll ndo alivyokuwa, hakuna kitu kilichomridhisha. Mimi naona maelezo hayo yanafunika sehemu nzuri zaidi. Ukifuata hela, ukaangalia nani alilipia nini na nani alikuwa na sauti wapi, na picha moja ilipita mikono mingapi kabla haijamfikia mtoto anayesoma, unakuta uamuzi ule ulikuwa na hesabu kamili nyuma yake, tena iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Na unakuta uliwezekana kwa sababu ya aina ya dili aliyokuwa nayo na pablisha wake. Mwandishi mwingine wa enzi zile za Malkia Victoria, hata kama angeumia vilevile, asingekuwa na uwezo wa kusimamisha chochote.

Hadithi yenyewe ilivyozaliwa inajulikana sana kwaio napita haraka. Tarehe 4 Julai 1862 Dodgson na rafiki yake Robinson Duckworth waliwapeleka mabinti watatu wa mkuu wa Christ Church, Lorina, Alice na Edith Liddell, kupiga kasia mtoni, na humo kwenye mtumbwi hadithi ikaanza. Alice alikuwa na miaka 10, akaomba aandikiwe. Dodgson akaiandika kwa mkono na kuchora mwenyewe picha 37, akamkabidhi zawadi hiyo Novemba 1864. Hizo picha zake zipo mpaka leo na zina utamu wake, Alice amekunjamana ndani ya chumba kilichombana, nywele zimemmwagika, unahisi kabisa hofu ya kukua ghafla. Lakini mwenyewe alijua mkono wake haufiki kiwango cha kitabu cha kuuzwa, kwaio wakati anaendelea kuirefusha hadithi kwa ajili ya kuchapishwa akaanza kutafuta mchoraji wa kazi. Kupitia Tom Taylor, mwandishi wa tamthilia, akamfikia Tenniel. Walikutana Januari 1864, na Aprili mwaka huohuo Tenniel akakubali.

Hapa lazima tuelewe Tenniel alikuwa nani, maana leo watu wanadhani alikuwa kijana wa kuchora aliyeokotwa na mwandishi mashuhuri. Ilikuwa kinyume kabisa. Lewis Carroll hakuna aliyekuwa anamjua, na Tenniel alikuwa mchoraji wa gazeti la Punch tangu 1850, katuni zake za siasa zilikuwa zinaangaliwa nchi nzima kila wiki, na John Leech alipofariki mwishoni mwa 1864 yeye ndo akawa mchoraji mkuu pale. Ratiba yake ilikuwa ya kubana: Jumatano wakubwa wa Punch wanakaa mezani wanaamua katuni ya wiki itahusu nini, Ijumaa Tenniel anaichora kwenye mbao, haisubiri mtu. Na alikuwa anafanya yote hayo kwa jicho moja, la pili lilipotea ujanani akicheza upanga na baba yake. Kwaio mtu kama huyu anapokubali kazi ya mwandishi asiye na jina, jina linalouza kitabu ni la mchoraji. Dodgson alilijua hilo vizuri.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe, maana hapa ndo penye ushahidi mzito na sioni ukitajwa inavyostahili. Tafuta kwenye maandishi yote Carroll anapoeleza sura ya Alice. Hakuna, au karibu hakuna. Hasemi amevaa nini, uso ukoje, sanasana unaokota kaneno kamoja kuhusu nywele. Yule Alice wa nywele ndefu za rangi ya dhahabu na aproni, ambaye dunia nzima inamjua, ni wa Tenniel, na wala hafanani na Alice Liddell wa kweli aliyekuwa na nywele nyeusi fupi zilizokatwa mbele kwenye paji la uso. Nenda mbele zaidi. Anapotokea yule kiumbe Gryphon, mwandishi hahangaiki kumwelezea, anakwambia kwenye mabano tu kwamba kama humjui Gryphon, angalia picha. Kwenye ile kesi ya mwisho Mfalme ndo hakimu, amevaa taji juu ya wigi la hakimu, na maandishi yanakwambia ukitaka kuona alivyofanya basi angalia picha ya mwanzo wa kitabu. Yaani kuna mahali hadithi inanyamaza makusudi na kuiachia picha iseme. Sasa picha hiyo ikitoka na ukungu au ikiwa imejaa wino mpaka mistari imeungana, kilichoharibika hapo ni sentensi ya kitabu. Hilo likieleweka, lalamiko la Tenniel linabadilika uzito.

Picha zilikuwa 42, na safari ya kila moja ilikuwa ndefu. Tenniel alianza kwa penseli kwenye karatasi, akainakili kwa karatasi ya kupitishia mwanga, akaihamishia kwenye kipande cha mbao ngumu sana kilichopakwa weupe, tena kwa kugeuza kulia kuwa kushoto maana chapa inageuza tena. Mbao hizo zilikatwa kwa kukingama shina ili usoni ziwe laini na imara kiasi cha kubeba mstari mwembamba kama unywele bila kupasuka. Baada ya hapo zikaenda kwa ndugu Dalziel, ofisi kubwa ya uchongaji pale London, ambao kazi yao ni kuondoa kila sehemu ambayo haitakiwi kuwa nyeusi na kuacha mistari ya Tenniel imesimama. Mchongaji akiteleza, penseli imeshakwenda, hakuna pa kurudi. Dalziel wakimaliza wanatoa prufu, yaani chapa ya majaribio, Tenniel anaipitia, anapaka rangi nyeupe pale anapotaka mstari upunguzwe, inarudi tena. Ndo maana kwenye picha nyingi utaona alama mbili, herufi za J na T zilizofungamana za Tenniel na jina la Dalziel, na mimi nadhani ni haki kabisa ziwe mbili.

Mbao zenyewe hazikupelekwa mashineni, maana zingelika haraka. Zilitengenezewa kopi za shaba kwa umeme, elektrotaipu, na kopi hizo ndo zilizofungwa pamoja na herufi za maandishi na kuchapwa kwa mkupuo mmoja. Huo ndo ulikuwa uzuri wote wa picha za mbao. Riwaya za Dickens zilizokuwa zinatoka kila mwezi zilikuwa na picha za kuchongwa kwenye bamba za chuma kwa asidi, na bamba za namna hiyo zinachapwa peke yake, kwenye karatasi yake, kisha karatasi inaingizwa kitabuni. Picha ya mbao inakaa katikati ya sentensi. Unaweza ukaipa umbo lolote, ukaipitisha pembeni ya aya, ukaizungushia maneno, na Carroll alilitumia hilo kwa bidii sana akipanga kila picha ikae karibu kabisa na maneno yake.

Lakini uzuri huo una gharama, na gharama ni kwamba mashine inachapa herufi na picha kwa presha moja wakati mahitaji yao hayafanani. Herufi zinataka presha sawasawa ukurasa mzima. Picha inataka nyeusi ikandamizwe sana na mistari ya mbali, ile ya mawingu na vivuli vyepesi, iguswe tu. Mchapaji mzoefu alikuwa anatatua hili kwa kukata vipande vya karatasi nyembamba na kuvibandika chini ya karatasi inayokandamiza, anaongeza hapa anapunguza pale, kazi ya masaa kwa ukurasa mmoja, na akiiruka picha inatoka bapa, kijivu sehemu zote, au inatoka na madoa. Aliyewahi kupeleka kazi yake kwa mtu wa kuchapa anajua, unachokiona kwenye prufu na kinachotoka siku ya kuchukua mzigo vinaweza kuwa vitu viwili.

Kazi ya kuchapa ilipewa Clarendon Press, kiwanda cha chuo kikuu cha Oxford, kilichokuwa chini ya Thomas Combe, mtu ambaye Dodgson alikuwa anafahamiana naye. Kilikuwa na sifa kubwa kwa Biblia, vitabu vya sala na vya kisomi. Juni 1865 kopi 2,000 zikawa zimechapwa, na za kwanza kujalidiwa zikapewa jalada jekundu, rangi aliyoichagua Dodgson mwenyewe akiona ndo itawavutia watoto zaidi. Kopi moja ya pekee ikapelekwa kwa Alice Liddell ifike tarehe 4 Julai, miaka mitatu kamili tangu ile siku ya mtoni, na nyingine kadhaa zikasainiwa na kugawiwa marafiki. Kila kitu kilikuwa kinaenda vizuri mpaka tarehe 19 Julai ilipofika habari kutoka kwa Tenniel kwamba hajaridhika kabisa na uchapaji wa picha. Kesho yake Dodgson yupo ofisini kwa Macmillan, pablisha wake, ameshika barua. Wiki mbili baadaye uamuzi umetoka.

Sasa kwa nini ulitoka haraka vile? Tenniel hakuwa na haki yoyote ya kisheria hapa. Alilipwa pauni 138 kwa picha zote, malipo ya mara moja, hakuwa na asilimia ya mauzo, hakuna kifungu kinachosema ana kura kwenye uchapaji. Macmillan naye hakuwa na sababu ya kusimamisha kitabu kilichokwisha kuchapwa. Jibu lipo kwenye mkataba. Kitabu cha Alice hakikuchapishwa kwa hela ya Macmillan. Kilichapishwa kwa mfumo wa kamisheni, yaani mwandishi analipa kila kitu, mchoraji, wachongaji, karatasi, uchapaji, kujalidi, matangazo, halafu pablisha anauza na kuchukua fungu lake. Hatari yote ilikuwa mfukoni kwa Dodgson. Na kwa sababu hiyohiyo mamlaka yote yalikuwa kwake. Angekuwa ameuza haki zake kwa pablisha, kama waandishi wengi walivyofanya, barua ya Tenniel ingeishia kwenye droo ya mtu aliyeshaingiza hela yake na anataka irudi.

Na hesabu aliyopiga ipo, aliiweka kwenye dayari, na ni hesabu nzuri. Kuchora picha pauni 138, kuchonga pauni 142, kuchapa upya kwa Richard Clay wa London pauni 240, kujalidi na kutangaza kama pauni 80, jumla pauni 600. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwaio kwa kopi 2,000 hiyo ni shilingi 6 kila kopi. Bei ya dukani ikaja kuwa shilingi 7 na peni 6, lakini wenye maduka na pablisha wanakata chao kwanza, na mwenyewe alitegemea kopi zote 2,000 zikiisha zimletee pauni 500, yaani shilingi 5 kwa kopi. Maana yake kila kopi itakayouzwa inampotezea shilingi nzima. Hasara hapo pauni 100, ongeza hasara ya zile za kwanza ambayo aliikadiria pauni 100 nyingine, jumla pauni 200 zimeondoka. Halafu akaendelea, kama zingeuzwa kopi 2,000 nyingine zingegharimu pauni 300 na kuleta 500, hapo ndo mizani inalingana, na kila kitakachozidi ni faida, ila akaandika kwamba hilo hawezi kulitumaini sana.

Soma tena hiyo hesabu polepole. Huyu ni mwalimu wa chuo, sio tajiri, anajua kabisa kwamba hata kitabu kikiisha chote atakuwa amepoteza, na anajua wazi inahitajika kopi 4,000 za kitabu cha mtu asiyejulikana ndo arudi sifuri, na bado anasema chapa upya. Mimi hiyo inanigusa sana, lakini naiona pia kama akili ya kibiashara na sio moyo peke yake. Angalia picha: 138 na 142 ni pauni 280. Uchapaji wa Oxford ulimgharimu pauni 135. Yaani alikuwa ameshaweka kwenye picha mara mbili ya alichoweka kwenye mashine. Kuokoa zile 135 kungekuwa ni kuzika 280. Na pauni 280 ni hela ambayo hailipwi mara ya pili, elektrotaipu zipo, chapa ya pili na ya tatu zinazitumia zilezile, ndo maana kopi 2,000 za mkupuo wa pili zilishuka mpaka pauni 300. Kwa mtu anayemiliki picha, picha ni mtaji. Uchapaji mbaya unashusha thamani ya mtaji siku ya kwanza kabisa wasomaji wanapouona.

Alikuwa na njia nyingine? Zilikuwepo. Njia ya kwanza ni kuuza kilichopo na kurekebisha toleo linalofuata, na hii ndo karibu kila mtu angeichukua. Shida ni kwamba kitabu cha mwandishi mpya kinapata macho mara moja, wahakiki wa magazeti wanaandika kuhusu kopi ya kwanza, na toleo linalofuata huenda lisiwepo. Njia ya pili ni kuchapa upya kurasa za picha tu. Kwa bamba za chuma hilo lilifanyika, mfano mzuri ni The Pickwick Papers ya Dickens, ambapo bamba mbili za mchoraji Robert Buss kwenye toleo la tatu kati ya yale ya kila mwezi, mwaka 1836, ziliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kazi ya mchoraji mwingine, Hablot Browne, maandishi hayakuguswa. Kwa Alice haikuwezekana kirahisi. Picha 42 zimetawanyika kwenye kurasa 192, ukigawa kwa mafungu ya kurasa 16 ni wastani wa picha tatu mpaka nne kwenye kila fungu, tena zimeshikana na maneno. Ukigusa picha umegusa kitabu kizima. Na kweli Clay hakuchapa picha tu, alipanga herufi zote upya.

Njia ya tatu ni kumpuuza Tenniel. Hapo kuna hesabu isiyoandikwa kwenye dayari. Tenniel ndo aliyekuwa anakutana kila wiki na watu wa magazeti, na picha mbaya zenye jina lake zingemuumiza yeye kabla ya Carroll. Alimwandikia mmoja wa ndugu Dalziel baadaye kwamba alipinga kwa nguvu sana ule uchapaji wa aibu mpaka toleo likafutwa. Anaongea kama mtu aliyejitetea, na nadhani alikuwa sahihi kujitetea, maana mchoraji ndo mtu pekee kwenye mnyororo ule ambaye kosa la mwingine linasomeka kama kosa lake. Msomaji hajui habari za vipande vya karatasi chini ya mashine. Msomaji anaona mchoro mbaya na chini kuna J na T.

Swali gumu ni je, uchapaji wa Oxford ulikuwa mbaya kiasi hicho? Hapa waliokaa na kopi zote mbili na kuzilinganisha hawakubaliani. Wengine wanaonyesha picha zilizotoka nyepesi mno, nyingine nzito mno, na kurasa ambazo maandishi ya nyuma yanachungulia kupitia karatasi na kuchafua uso wa picha. Wengine wanasema tofauti ni ndogo kuliko kelele zilizopigwa. Mimi nadhani kuna jambo moja linasaidia kuelewa. Tenniel macho yake yalizoea prufu za Dalziel, na prufu za wachongaji zilikuwa zinatolewa moja moja, kwa mkono, kwa kusugua taratibu kwenye karatasi nyembamba laini iliyonunuliwa kwa kazi hiyo. Hakuna mashine ya enzi ile iliyoweza kufikia ubora huo kwenye kopi 2,000. Alikuwa analinganisha kitabu na kitu ambacho kitabu hakiwezi kuwa. Hata hivyo Clay alipomaliza, na Dodgson alipopokea kopi mpya Novemba 1865, aliandika kwamba ni bora mno kuliko ya kwanza, na Tenniel naye akaridhika. Kwaio kilichotakiwa kiliwezekana, sio ndoto. Tatizo la Oxford inaonekana lilikuwa uzoefu wa aina hii ya kazi, na sipendi kabisa masimulizi yanayowafanya wachapaji wale waonekane wazembe. Watu waliozoea Biblia, ambayo ni presha sawasawa ukurasa baada ya ukurasa, walipewa kitabu chenye picha ya mbao karibu kila baada ya kurasa nne au tano.

Toleo jipya likaandikwa mwaka 1866 kwenye ukurasa wa jina ingawa lilikuwa tayari kabla ya Krismasi ya 1865. Dodgson akaanza kuwaandikia marafiki aliowagawia zile kopi za kwanza, zaidi ya arobaini, akiomba wazirudishe wapewe mpya, na zilizorudi akazigawa hospitalini. Ndo maana zilizobaki duniani leo ni chache sana, zinazojulikana ni kama dazeni mbili hivi, na mwaka 1998 moja yao iliyokuwa ya Dodgson mwenyewe iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 1.5.

Na zile kopi za Oxford ambazo hazikugawiwa hazikuwa karatasi chakavu hatimaye. Kurasa ambazo hazijajalidiwa ziliuzwa kwa kampuni ya Appleton ya New York, wakabandika ukurasa mpya wa jina wa mwaka 1866, wakauza Marekani. Hapa nina neno na Dodgson. Kama picha zile hazifai kwa mtoto wa London zinafaaje kwa mtoto wa Boston? Naelewa alikuwa anaokoa hela, na pauni 100 za hasara sio mchezo, ila huo uamuzi haukai vizuri na ule mwingine. Tena hakuishia hapo. Mwaka 1889 kwenye The Nursery Alice, toleo la watoto wadogo lenye picha 20 za Tenniel zilizokuzwa na kutiwa rangi, alikataa kopi 10,000 za kwanza kwa sababu rangi zilikuwa kali mno, na wazo lililofuata lilikuwa lilelile, zipelekwe Marekani.

Mwaka 1893 ikajirudia kwa Through the Looking-Glass, kitabu cha pili cha Alice, chapa mpya ikatoka na picha nyingi zimechapwa vibaya, akasimamisha, akatangaza kwamba aliyenunua arudishe abadilishiwe, na zilizokataliwa zikagawiwa sehemu ambazo watu wa kawaida wanakwenda kusoma. Kufikia hapo kitabu kilikuwa kinauza sana na angeweza kukaa kimya. Ukitazama matukio yote matatu pamoja, 1865, 1889, 1893, unaona mtu aliyeshikilia haki moja maisha yake yote, haki ya kusema hapana baada ya mashine kusimama, na aliendelea kuilipia.

Tenniel naye alijifunza uzito wa sauti yake. Kwenye Looking-Glass, iliyotoka mwishoni mwa 1871 ikiwa na picha 50, alimwandikia Dodgson Juni 1870 kwamba sehemu ya hadithi inayomhusu nyigu aliyevaa wigi haimvutii hata kidogo, na kwamba nyigu mwenye wigi sanaa haina namna ya kumchora. Sehemu hiyo nzima ikatolewa. Barua hiyohiyo inapendekeza kwamba treni inaporuka, Alice ashike ndevu za mbuzi badala ya nywele za bibi kizee, na ndivyo ilivyo kitabuni mpaka leo. Baada ya hapo akasema uwezo wa kuchora kwa ajili ya vitabu umemtoka, na karibu kazi yake yote ikawa Punch, mpaka akapewa cheo cha Sir mwaka 1893.

Mwaka 1985 zile mbao zenyewe zilizochongwa na ndugu Dalziel zilikutwa kwenye chumba cha kuhifadhia mali cha benki moja London, na miaka michache baadaye zikachapwa moja kwa moja, kwa mkono na kwa uangalifu mkubwa. Kwa sababu vitabu vya Alice vya enzi ya Victoria vilitoka kwenye elektrotaipu, hizo ndo picha zilizo karibu zaidi na alichokiona Tenniel kwenye prufu zake. Ukipata nafasi ya kuona hata skani zake, linganisha mstari wa kivuli nyuma ya Paka wa Cheshire pale juu ya tawi na kopi ya kawaida ya dukani. Utaelewa ile barua ya Julai.

Kwa msomaji wa Kiswahili kisa hiki kina mkia wake. Alice alitafsiriwa na kuchapishwa London mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na picha zikachorwa upya, Elisi akiwa binti wa Kiafrika. Tafsiri nyingine mpya kabisa ya Ida Hadjivayanis ikatoka 2015. Toleo la 1940 wengi hulijadili kwa upande wa maneno, mimi naliona zaidi kwa upande wa picha, maana lile pengo ambalo Carroll aliliacha makusudi lipo vilevile kwa Kiswahili. Mtafsiri akifika kwa Gryphon, mwandishi bado anamwambia msomaji aangalie picha, na mtafsiri hana cha kuongeza hapo. Mchoraji wa toleo lolote la Kiswahili analikuta jukumu lilelile alilopewa Tenniel mwaka 1864, na kwa mtoto ambaye hajawahi kumsikia Gryphon popote, maelezo yote atakayopata ya kiumbe huyo ni mistari ya mchoraji huyo jinsi itakavyotoka mashineni.